Dagaa Walivunda, Wote Wakanyamaza

Simu iliingia saa tatu asubuhi, Jumanne moja ya Novemba 2021. Nilikuwa ofisini kwetu Kirumba na chai yangu ya maziwa na chapati mbili, nimejiachia kabisa kama mtu asiye na deni. Namba ilikuwa ya Dar es Salaam.

"Dada, hivi huu mzigo wenu mliukagua kabla ya kuupakia?"

Hata salamu hakuna. Nikajua hapa pana jambo. Katoni 60 za dagaa wa pakiti, wamesafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mwanza, wamefika wameota ukungu. Dagaa wetu sisi! Sisi ambao kwenye lebo tumejisifia kwamba hawana mchanga wala harufu. Kaka yule wa stoo alisema mzigo wote unarudi kwa gharama zetu, na mkataba meneja wake ameshaufuta. Chapati ikanishinda kumeza.

Msomaji, ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mume wangu ndiye aliyeanzisha hii biashara mwaka 2015, mimi nikiwa bado naenda benki na sketi yangu nyeusi na viatu vya kisigino. Mwaka 2018 nikaacha kazi nikaungana naye. Tunanunua dagaa kutoka kwa wavuvi wa visiwani, tunawaanika juu ya chanja badala ya chini kwenye mchanga, tunawachambua, tunawafungasha pakiti za robo na nusu kilo. Wakati ule tulikuwa na wafanyakazi tisa, wengi wao akina mama.

Sasa ukifika pale Mwaloni Kirumba utaona ushindani ulivyo. Wafanyabiashara wa dagaa hawahesabiki, malori yanapakia mzigo hadi wa Kongo. Ziwa letu ni moja, jua ni lile lile, giza la mwezi wanalosubiri wavuvi ili wakawashe taa zao ni la wote. Bei ikipanda inapanda kwa wote. Mtu akiiga chanja zetu anahitaji mbao na wavu tu, wiki moja kamaliza. Lebo ndiyo kabisa, anachapisha kesho. Kwa hiyo jiulize, kitu gani hasa kitamfanya mteja aje kwako asiende kwa jirani? Mimi nilidhani jibu ninalo, nimetoka nalo benki.

Nilikuwa nimeandika maneno matatu makubwa: UBORA, UADILIFU, USHIRIKIANO. Nikachapisha kwa rangi, nikatia plastiki, nikatundika juu ya mizani. Hakuna niliyemuuliza. Akina mama walilitazama, wakasema "Zuri, Madamu," wakarudi kuchambua dagaa. Nami nikajiona nimeshajenga utamaduni wa kampuni.

Jioni ya ile Jumanne tuliwaita wote. Nikauliza, nani alijua kwamba dagaa wale hawakukauka? Kimya. Mvua za vuli zilikuwa zimetubana wiki nzima, jua linatoka saa mbili linajificha, kila mtu alikuwa anaona. Nikauliza tena kwa sauti ile yangu. Kimya zaidi. Dereva anatazama ndala zake. Mwishowe mama mmoja mtu mzima, ambaye sote humwita Bibi, akajifunga khanga vizuri akasema, "Madamu, tulijua sote."

Sote! Aliyegeuza dagaa kwenye chanja aliona wanapinda badala ya kuvunjika. Mfungashaji aliona mvuke ndani ya pakiti. Dereva alinusa harufu wakati wa kupakia. Watu tisa walijua, na mzigo ukapanda gari.

"Kwa nini hamkusema?"

Bibi akanijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. "Mwanangu, yule binti wa mizani ulimfanya nini?"

Nikanyamaza. Mwezi wa saba mwaka ule, binti mmoja wa kufungasha alinifuata mwenyewe kuniambia mizani inadanganya kwa gramu 30, na kwamba kuna pakiti zimeshatoka zikiwa pungufu. Badala ya kumshukuru nikamwakia mbele za watu, nikamwita mzembe, mwisho wa mwezi nikamkata mshahara. (Baadaye nilikuja kujua kwamba sheria ya kazi hairuhusu mwajiri kukata mshahara kiholela namna ile. Nilimrudishia, ila aibu haikurudi.) Siku ile wale wengine wanane walijifunza somo moja tu: ukiona tatizo, usiwe wewe wa kulisema. Bango langu liliendelea kuning'inia juu ya mizani hiyo hiyo.

Ningekuwa mtu wa kujitetea ningesema ni wao, watu wa siku hizi hawana uchungu na kazi. Nilikaribia kusema. Tukarudi nyumbani, watoto wakalala, mimi nimejifunika khanga nalalamika, na mume wangu amekaa pembeni ya kitanda hajavua hata soksi. Akasema, "Mama, na mimi nina jambo."

Kumbe wiki mbili nyuma, mtu aliyempa shilingi milioni 1.8 ya kutuletea mzigo kutoka visiwani alizima simu akatokomea. Wiki mbili! Tunakula meza moja, tunalala kitanda kimoja, ananiambia mzigo umechelewa kwa sababu ya upepo. "Nilikuwa natafuta siku ambayo ungekuwa umetulia," akasema. "Sijaipata."

Shosti, mengine nimeyasahau, lakini hilo la "sijaipata" bado linaniuma. Mimi nilijiona mwanamke shupavu, kumbe nimekuwa kituo cha polisi. Kazini wananificha dagaa wabichi, nyumbani naficwa hasara na baba watoto wangu. Wala sisemi alifanya vyema kunificha, na hilo tulilimaliza kivyetu kwa siku kadhaa za kuongea na nyingine za kununiana. Lakini nilipojumlisha mambo mawili yale, nikaona aliyeko katikati ni mtu mmoja.

Jumapili yake nikaenda kwa baba yangu Pasiansi. Mzee alifanya kazi ya kukata minofu ya sangara kiwandani, hapa hapa Mwanza, miaka ya 90. Nilimwendea ili anionee huruma. Akanisimulia habari za Ulaya.

Wadogo mliozaliwa juzi huenda hamjui. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, wakaja kulegeza katikati ya 1998. Watu hawajakaa sawa, mwaka 1999 likashuka zuio jingine kwa samaki wa Ziwa Victoria, safari hii kwa hofu ya sumu: kulikuwa na watu wanaovua kwa dawa za kuulia wadudu. Tanzania ilirudi kwenye soko lile mwaka 2000. Nakumbuka nyumbani tulivyokula ugali na dagaa miezi ile, maana mzee alikuwa anaitwa kazini siku mbili kwa wiki, wiki nyingine haitwi kabisa.

"Kabla ya hapo," mzee akaniambia, "usafi ulikuwa wa siku ya mkaguzi." Akija mkaguzi mabuti yanang'aa, akiondoka maisha yanaendelea. Baada ya zuio ukaja utaratibu uliokuwa unatajwa kwa herufi HACCP. Kwa lugha ya kwetu ni hivi: tafuta kila mahali ambapo hatari inaweza kumwingia samaki, kuanzia mtumbwini na barafu yake mpaka kwenye kisu na katoni, kisha kila mahali pawe na mtu anayepalinda na kuandika alichokiona. Hapo ndipo mzee alipotilia mkazo. Yule anayepalinda lazima aruhusiwe kusema hapana. Kama mkata minofu akiona samaki mbaya halafu anaogopa kusimamisha kazi kwa sababu msimamizi atafoka, basi zile karatasi zote ni mapambo.

Nimewahi kusoma kwamba kwenye viwanda vya Toyota kule Japani kulikuwa na kamba, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro aliivuta na kazi iliweza kusimama. Mzee wangu hajawahi kusoma habari za Toyota, anachojua ni kwamba Hiace zao hazifi. Lakini alikuwa anasema jambo lile lile akiwa amekaa kwenye kigoda Pasiansi.

Nikatoa bango ukutani. Sikuweka jingine.

Tukaanza kukutana saa moja na nusu asubuhi, tumesimama pale kwenye chanja, kila mtu na kikombe chake cha chai. "Mwangaluka, mwangaluka," halafu mimi wa kwanza nataja nilichokosea jana. Wa pili ni mume wangu. Wiki ya kwanza tulizungumza sisi wawili tu, kama wachekeshaji waliokosa watazamaji. Wiki ya pili Bibi akasema turubai limetoboka tangu Pasaka. Tangu Pasaka! Nikameza mate, nikasema asante. Utaratibu mwingine ukawa huu: yeyote, hata mfagiaji, akichukua dagaa akamkunja na dagaa akapinda bila kuvunjika, anasema "bado," na mzigo haupakiwi. Hakatwi senti, wala haulizwi kwa nini anatuchelewesha.

Jaribio lilikuja mwezi Machi, masika. Tulikuwa na mzigo wa Dodoma, mteja mpya, gari limeshawashwa. Dereva akafungua gunia, akakunja dagaa, akazima gari. "Bado, Madamu." Mwenzangu, damu ilinipanda mpaka kwenye masikio. Mume wangu alinitazama tu. Nikatoka nje nikaenda kusimama ufukweni nikatazama mawe ya ziwa kwa dakika kumi hivi. Kisha nikampigia mteja mwenyewe, nikamwambia ukweli, mzigo utachelewa siku tatu kwa sababu haujakauka. Akaguna, akasema wafanyabiashara wa Mwanza mna maneno. Lakini alisubiri. Mpaka leo ndiye mteja wetu mkubwa, na ukimuuliza hasemi habari za ladha. Anasema sisi ndio wauzaji pekee waliowahi kumpigia kumwambia mzigo ni mbaya kabla hajauona.

Sitaki mdhani kwamba maneno matamu yanatosha. Ilibidi tuandike mikataba, tuwaandikishe watu NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri analipa angalau nusu yake. Iliuma. Binti mmoja alipojifungua tulimpa siku zake 84 za likizo kwa mshahara kamili kama sheria inavyosema, na nilihesabu kila siku, sitadanganya. Alirudi. Sasa ndiye msimamizi wa ufungashaji, na ni yule yule binti wa mizani.

Wengine hawakubaki. Mmoja alichukuliwa na jirani wa Mwaloni kwa nyongeza ya mshahara ambayo sisi tusingeweza, tukaagana vizuri. Mwingine aligeuza "nimekosea" kuwa wimbo, kila wiki amekosea, kumbe dagaa wanaopungua wanauzwa mtaani kwake. Huyo tulimwondoa kwa utaratibu. Kusema kosa na kuiba ni vitu viwili, na bosi mpole haimaanishi bosi mjinga.

Na nyumbani? Tuliihamishia chai ile barazani. Kila Ijumaa usiku, watoto wakishalala, mume wangu na mimi tunatajiana habari mbaya za wiki: pesa, mama mkwe, hata yule dada wa zamani aliyemtumia meseji. Kuna Ijumaa nimelala nimekasirika. Lakini tangu 2021 sijasikia tena upepo wa uongo kutoka visiwani.

Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, tulianza kupeleka mzigo Sengerema na Geita kwa gari letu wenyewe. Zamani tukichelewa tulisingizia foleni ya kivuko. Sasa hakuna wa kumsingizia, na washindani wetu nao wanapita pale pale kwa mwendo ule ule.

Juzi simu imeniamsha saa kumi na moja alfajiri. Dereva, yuko ng'ambo ya Busisi. "Shikamoo Madamu. Samahani nimekuamsha, nina habari mbaya."

Nikakaa kitandani. Mume wangu akafumbua jicho moja.

"Marahaba. Asante kwa kunipigia," nikasema. "Haya, niambie."