Mjue mchumba wako kwa siku uliyoshindwa



Huku Makole, Dodoma, Julai ni mwezi wa baridi na upepo mkavu, jioni kila mtu yuko ndani. Ndivyo wanawake wa nyumba yetu tulivyojikuta mashabiki wa tenisi. Fainali ya wanawake ya Wimbledon ya 2023 ilianza saa 10 jioni kwa saa zetu. Tukaswali alasiri, tukakaa kwenye mkeka mbele ya televisheni.

Sote tulikuwa upande wa Ons Jabeur wa Tunisia, Mwafrika na Mwislamu mwenzetu. Mwaka 2022 alifika fainali hiyo hiyo, mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kufika hapo. Alichukua seti ya kwanza, kisha Elena Rybakina wa Kazakhstan akamshinda. Safari hii tulisema ni zamu yake.

Likaja la mavazi, maana halikosi. Shangazi mmoja akalimaliza: "Hayo ni yake na Mola wake. Sisi tumuombee."

Wallahi tuliomba, lakini Mungu alikuwa ameandika mengine. Markéta Vondroušová alishinda 6-4, 6-4. Ons akalia mbele ya dunia nzima, akasema hajawahi kushindwa kukamuuma namna ile.

Binti wa dada yangu, aliyekuwa ameshaposwa, akaniuliza, "Mama mdogo, huyu ana mume?" Nikamwambia anaye, Karim Kamoun, na ndiye anayemfundisha mazoezi ya mwili. Akanyamaza. Baadaye jikoni akanitolea la moyoni: amefeli masomo mawili chuoni, itabidi arudie mwaka, na mchumba hajui. Alitaka ndoa ipite kwanza.

Nikamwambia, "Mwambie sasa. Yeye ana haki ya kujua anamuoa nani, na wewe una haki ya kujua unaolewa na nani."

Akamwambia, kaka yake akiwepo. Yule kijana alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Chuo kinafunguliwa lini, tupange harusi isigongane na masomo?" Dada yangu aliposikia, alilia kuliko Ons.

Mtume wetu (s.a.w.) alipotoka pango la Hira akitetemeka, alikimbilia kwa mkewe. Bi Khadija (r.a.) hakumhoji. Alimfunika nguo, akamtuliza, akamkumbusha wema wake. Mwenza ndiye huyo.

Basi wewe mwali unayehesabu siku, hina na sare za harusi zitapatikana. Mahari nayo itajadiliwa na wakubwa. Lakini kabla ya kusema ndiyo, jiulize: huyu ameshaniona nimeshindwa? Na niliposhindwa, alisema nini? Kama hajawahi kukuona hivyo, usiombe balaa, ila usimfiche. Na wewe pia mtazame siku yake ikifika, umfunike.

Allah awajaalie wenza wa heri. Aamin.