Spana namba 10 huenda wapi?

Jamani, kwangu namba 13 ipo, 17 ipo, ila 10 haionekani. Sababu ni rahisi: bolti ya M6 hufunguliwa kwa namba 10, na magari ya Kijapani yamejaa bolti hizo, hata pale waya za betri zinapofungwa. Kinachotumika sana ndicho kinachopotea.

Fundi mmoja wa jua kali amechora umbo la kila kifaa ubaoni, msumari juu yake. Jioni anatazama tu. Umbo likiwa tupu, anarudi kukagua injini kabla mteja hajaondoka. Sisi waandika programu tunajua: heri kuwa na anwani ya kitu kuliko kusaka diski nzima. Na tangu achore, hajamwita mwanagenzi wake mwizi.