Mwana wa Mfalme Ndani ya Kasri la Dracula

Nashuhudia kwamba filamu moja ya mwaka 1972 ilibadilisha macho yangu. Inaitwa Blacula, na wengi huipita kwa sababu jina lake linasikika kama mzaha.

Nilizipenda filamu za kutisha za zamani tangu ujana wangu Tanga: kasri bovu, radi, mishumaa, mwenye nyumba asiyeonekana mchana. Humo ndani mtu mweusi alipita tu. Katika The Mummy ya 1932, Noble Johnson ni Mnubi anayetii kila amri ya Boris Karloff. Katika I Walked with a Zombie ya 1943, Darby Jones amesimama gizani penye mashamba ya miwa, macho yamemtoka, hasemi neno. Kwangu walikuwa kama utando wa buibui ukutani, sehemu ya pambo la nyumba.

Kisha nikamwona William Marshall. Huyu alikuwa mtu wa jukwaa, aliyekwisha kuigiza Othello, na sauti yake nzito inajaza chumba. Filamu inaanza mwaka 1780. Mamuwalde, mwana wa mfalme kutoka Afrika, amekwenda Transylvania pamoja na mkewe Luva kumwomba Dracula, yule mnyonya damu mashuhuri, asaidie kukomesha biashara ya utumwa. Dracula anamdharau, anamtamani Luva, kisha anamng'ata mgeni wake na kumfungia ndani ya jeneza. Luva anaachwa afe ndani ya chumba chenye jeneza hilo. Marshall mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba mhusika wake awe mwana wa mfalme, mtu mwenye kwao na mwenye hoja.

Mimi ni mtoto wa Pwani. Tumelelewa na hofu ya mumiani, wanyonya damu ambao wazee walisimulia kwamba walitumwa na wakubwa wa serikali ya kikoloni. Kumbe mnyonya damu wa Ulaya ana ukoo na wa kwetu! Wote wawili wananenepa kwa uhai wa watu wasio na wa kuwatetea. Tangu usiku nilipoiona Blacula, kila nikiona kasri kwenye filamu najiuliza limejengwa kwa mali ya nani.

Nikairudia ile ya 1943, na safari hii nikasikiliza. Mwanzoni tu, dereva wa gari la farasi anamweleza muuguzi wa kizungu jinsi mababu zake walivyoletwa kisiwani wamefungwa minyororo chini ya meli. Mwimbaji Sir Lancelot anaimba hadharani aibu ambayo familia yenye shamba inaificha. Ukweli wa nyumba ile uko vinywani mwa watu weusi, na mwongozaji Jacques Tourneur alijua hivyo. Leo naihesabu kati ya filamu bora kabisa za aina yake.

Blacula nayo ina doa, na kwa kuwa naipenda sitalificha. Jeneza linafikishwa Los Angeles na wanaume wawili wapenzi, wapambaji wa nyumba, ambao filamu inawafanya kichekesho kisha inawaua upesi bila kuwaombolezea. Iliyompa Mamuwalde heshima iliwanyima wao. Linaniuma, maana ndilo walilotendewa Johnson na Jones.

Vijana wakiniomba filamu ya kutisha siku hizi, nawapa Ganja & Hess ya 1973, kazi ya Bill Gunn. Duane Jones, ambaye mwaka 1968 alikuwa shujaa wa Night of the Living Dead, hapa ni Dkt. Hess Green, msomi tajiri anayeishi katika jumba lake mwenyewe, ana mtumishi, na kiu ya damu inamtesa hadi ndani ya imani yake. Wauzaji waliikatakata bila ridhaa ya Gunn, wakaiuza kwa majina mengine. Itafuteni iliyo kamili. Ni ya polepole, na inadai utulivu wa mtazamaji. Marlene Clark, aliye Ganja, anaingia jumba lile akimtafuta mumewe na kuanza kutoa amri siku hiyo hiyo.