Soksi ya Krismasi ya Viraka, Imeshonwa Garissa

Kila Desemba marafiki zangu wa Nairobi wananiuliza swali lile lile: "Kwani Garissa kuna Krismasi?" Wengine wanauliza kwa utani, wengine kwa huruma kabisa, ni kama mimi ni mtu wa kutumiwa pole. Mwaka huu nimejibu kwa sindano na uzi. Nimeshona soksi ya Krismasi, ile ya kutundikwa ukutani, ya viraka na matabaka matatu. Ngojeni niwaambie kwa nini naona ni kitu cha maana kuliko inavyoonekana.

Najua mtasema soksi si mila yetu. Kweli. Hapa hakuna msee anavaa soksi za sufu, joto la Desemba linatufanya tulale nje kwa mkeka. Lakini hadithi yenyewe haikutoka kwa theluji. Inasimuliwa kwamba Nikolasi, askofu wa Myra, mji uliokuwa pale penye Uturuki ya leo, alisikia habari za baba maskini mwenye mabinti watatu. Akaenda usiku akawarushia dhahabu bila kujulikana, na wengine wanasimulia kwamba iliangukia kwenye soksi zilizoanikwa. Toa theluji, ubaki na mtu anayemsaidia jirani gizani bila kutaka sifa. Hiyo mbona iko Garissa? Kutoa bila kujionyesha kunafundishwa msikitini na kanisani pia.

Sasa kunihusu mimi. Nimezaliwa hapa, wazazi wangu walitoka Kitui. Mama ni muuguzi. Kisomali nakiongea hadi watu wa sokoni wanageuka kuniangalia mara mbili. Nikiwa Garissa mimi ni mtu wa bara, nikienda ushago mimi ni "yule wa Garissa". Kawaida Krismasi tunapanda basi, tunavuka daraja la Tana, tunapita Madogo, na tukifika Mwingi tunajiona tumeshafika nyumbani. Mwaka huu zamu ya mama imeangukia tarehe 25. Basi tunabaki, na mimi nikasema kama tunabaki, nyumba lazima ionekane kuna watu wanaosherehekea.

Soksi za dukani ziko, nyekundu za plastiki zenye pamba nyeupe juu. Sikuzitaka. Nilitaka kitu ambacho ukikiangalia unajua ni cha hapa. Kwa hivyo nilianza kuomba vitambaa. Leso ya mama iliyochanika pindo. Sare yake ya zamani ya kazi. Vipande vya dirac kutoka kwa fundi mmoja wa Soko Mugdi, ambaye alinipa mfuko mzima wa mabaki akakataa pesa. Na kipande cha pazia alichotuachia mwalimu mmoja, rafiki ya mama. Yeye alikuwa kati ya walimu wengi wasio wenyeji ambao TSC iliwahamisha mwaka 2020 kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, baada ya walimu kuuawa. Alipakia vitu vyake kwa siku moja. Wanafunzi wake walibaki darasani bila mwalimu.

Halafu nikaenda kwa jirani yetu. Namwita Habaryar, mama mdogo, ingawa hatuna damu moja.

"Habaryar, naomba kipande cha baati yako kuukuu."

"Ya nini, hooyo?"

"Nashona soksi ya Krismasi."

Alinyamaza kidogo. "Mimi sisherehekei hiyo, unajua."

"Najua."

"Lakini kitambaa hakina dini. Chukua ya bluu. Ya kijani bado naivaa."

Naomba hapa tusikimbilie kusema "umoja, umoja" na kupiga makofi. Habaryar hakubadilisha imani yake na mimi sikumwomba abadilishe. Hatakuja kuimba nasi, na sitegemei aje. Alinipa kitambaa kwa sababu mimi ndiye humsomea ujumbe wa benki kwa simu, na yeye ndiye alikuwa akinilisha canjeero mama akiwa zamu ya usiku. Ujirani wetu haukungoja tukubaliane kila kitu.

Na hapa ujirani umewahi kupimwa vibaya. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa siku ya Jumapili. Baadaye viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Tarehe 2 Aprili 2015 tulipoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Desemba hiyo hiyo, siku nne kabla ya Krismasi, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na washambuliaji waliotaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Wengine waliwapa Wakristo mavazi yao ya Kiislamu wajifunike wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alikuwa kati ya waliokataa, akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki.

Nikiwa na kipande cha baati mkononi, hayo mavazi ndiyo nayawaza. Kitambaa kikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya lile basi, kilikuwa uhai. Sisemi soksi yangu ni kitu kama hicho, hata kidogo. Nasema tu kwamba mtu anayeniuliza kama Garissa kuna Krismasi hajui imelindwa na nani.

Haya, kazi yenyewe. Kwa wale mnaotaka kushona, nilifanya hivi.

Fua vitambaa vyote kwanza, hasa leso, kwa sababu zinaweza kutoa rangi na kunywea. Kata miraba ya sentimita 10 kwa 10. Ukishona kwa kuacha sentimita 1 kila upande, unabaki na mraba wa 8. Kwa upande wa mbele nilitumia miraba 24, yaani minne kwa upana na sita kwa urefu. Shona mstari mmoja mmoja, piga pasi, ndipo uunganishe mistari. Dirac inateleza na kufumuka ovyo, kwa hivyo ishikize kwanza juu ya kipande cha pamba nyepesi, na pasi iwe ya moto mdogo, la sivyo itayeyuka mbele ya macho yako.

Kisha matabaka. Chini bitana, katikati nilitumia blanketi kuukuu la mtoto, juu viraka. Piga bandi kwa mkono yote matatu yashikane. Ukianza kupitisha cherehani, anzia katikati ukielekea nje, ndiyo nguo isijikunje. Mimi nilifuata mistari ya miraba tu, mambo ya maua nimewaachia mafundi. Mshono huo ndio unaipa soksi ule unene wa godoro dogo.

Ukimaliza ndipo uchore umbo la soksi, urefu kama sentimita 42, halafu ukate. Kipande cha nyuma kikate kikiangalia upande wa pili, vidole visije vikapishana. Viwekee uso kwa uso, shona pembeni ukiacha mdomo wazi, katakata kidogo kwenye kona za mviringo bila kugusa mshono, geuza. Pinda mdomo, weka kitanzi. Kama stima inapotea kwenu kama inavyopotea kwetu, piga pasi zote mapema au uwe na ya makaa.

Ndani sitaweka peremende za dukani peke yake. Kutakuwa na tende, halwa, na maembe mawili ya mashamba ya kando ya Tana kama soksi itayabeba. Mama akitoka zamu atayakuta. Sahani nyingine itavuka ua kwenda kwa Habaryar, kama yake inavyovuka kuja kwetu kila Idd.

Maoni yangu ni haya: sikukuu usiipime kwa wingi wa taa mtaani. Uliza kama anayeisherehekea anaweza kuifanya mlango ukiwa wazi, na jirani asiyeisherehekea akapita akasalimia bila mtu yeyote kuogopa. Kwetu mlango utakuwa wazi. Na wewe, kabla hujaenda kununua ile nyekundu ya plastiki, fikiria: ni jirani yupi ungemwomba kipande cha nguo, na je, mnajuana kiasi cha yeye kukupa?