Kamera ya babu yapimwa kwanza, ndipo ipigwe Mji Mkongwe

UKISIMAMA Forodhani saa sita mchana, jua linaumiza macho. Ingia hatua chache tu kwenye vichochoro vya Hurumzi au Kiponda, mwanga unapungua ghafla. Nyumba za ghorofa zimekaribiana, mbingu inabaki ukanda mwembamba juu ya kichwa.

Macho huzoea mara moja. Kamera ya filamu iliyolala kabatini kwa babu haiwezi. Nyingi za zamani husubiri mpigaji azichagulie muda wa kuingiza mwanga.

Katika Barabara ya Kenyatta, Shangani, ipo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kurithiwa na mwanawe, Rohit. Picha za Zanzibar ya zamani zilizotundikwa humo, nyeusi na nyeupe, huwafanya watoto wengi watamani kuijaribu kamera ya nyumbani. Ni jambo jema, ila mzazi aipime kwanza.

Kwa nini kichochoroni?

Kinachopimwa ni shata, kipazia kinachofunguka na kufungika kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Juani Forodhani, filamu ya ISO 100 na lenzi iliyowekwa f/16 huhitaji takriban 1/125 ya sekunde. Barazani ndani ya kichochoro, hata lenzi ikifunguliwa zaidi, inaweza kuhitajika 1/15 au 1/8.

Bahati mbaya, spidi hizo za polepole ndizo huugua mapema. Mafuta ya ndani huganda kwa miaka, na shata huchelewa kufunga. Unyevunyevu na hewa ya chumvi ya kisiwani huongeza kutu, na ukungu kwenye lenzi.

Fikiria bibi ameketi barazani siku ya Idd, wajukuu wamemzunguka. Filamu ina picha 36 tu, na kosa halionekani mpaka isafishwe. Siku hiyo wajukuu wameshapanda boti kurudi Dar es Salaam, na bibi hazidi kuwa kijana.

Namna ya kupima

Kwanza, zungusha polepole kitufe cha kurudishia filamu. Kikiwa kizito, usifungue mgongo wa kamera. Huenda ndani mna picha za mwisho alizopiga babu. Irudishe filamu yote kwanza.

Ikiwa ni tupu, fungua mgongo, fungua lenzi hadi mwisho na uielekeze kwenye anga angavu, kamwe si kwenye jua lenyewe. Weka simu nyuma yake, irekodi video ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde. Bonyeza shata, kisha mwambie mtoto apitishe video fremu moja moja, ahesabu zenye mwanga.

Kwa 1/8 zitoke kama 30. Kwa 1/15 kama 16. Kwa 1/30 kama 8. Ukipata 60 kwenye 1/8, shata inakaa wazi mara mbili ya muda uliotakiwa. Kuanzia 1/125 fremu ni mbili hivi tu, hesabu haiaminiki. Hapo muone fundi mwenye kifaa cha kupimia.

Rudia kila spidi mara tano. Saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika tano kila siku haimcheleweshi mtoto shule, mradi nyumba nzima inajua. Inayobadilika kila asubuhi ndiyo ya hatari. Shata nayo ni hivyo hivyo: ikichelewa mara mbili kila mara, punguza tundu la lenzi hatua moja, mfano kutoka f/4 hadi f/5.6. Ikitoa jibu jipya kila ukibonyeza, ipeleke kwa fundi. Usitie mafuta mwenyewe. Yataenea ndani na kuiharibu zaidi.

Andika majibu kwenye karatasi, uibandike ndani ya mkoba wa kamera.

Siku ya kupiga, egemeza kamera kwenye baraza ya upande wa pili, maana kwa 1/15 mkono hutikisika. Waombe watoto watulie kidogo. Bibi hana haja ya kuambiwa. Waliozoea kupigwa picha studio zamani wanajua kutulia.