Eti kulea wazee nayo ni kazi ya msomi?

Najua nilipotea, lakini UE zilitushika kooni, bumu nalo likachelewa, sasa mtu unaandikaje na njaa? Haya, tumemaliza. Waliopata supu poleni, wa kudisko sijamsikia bado.

Juzi jioni tulikaa kimbwetani watu watano: wawili wa kompyuta, mmoja sheria, mmoja uhasibu, na mimi wa sosholojia. Maongezi ndiyo yale yale ya siku hizi, nani kazi yake italiwa kwanza na akili mnemba. (Wengine wanaiita akili unde, chagua mwenyewe.) Hawa wa kompyuta mwaka wa kwanza walikuwa wanatembea kama wameshaajiriwa, sasa hivi ndio wanyonge kuliko wote. Ikafika zamu yangu, nikasema mimi nikimaliza nataka kufanya kazi ya kutunza wazee. Kilichofuata ni kicheko. "Yaani usome miaka mitatu, Bodi ya Mikopo ikudai, halafu ukaogeshe vikongwe?" Yule wa uhasibu akapigilia msumari: "Na hiyo nayo Wajapani wameshaitengenezea roboti."

Nikanyamaza, ila neno hilo liliniuma. Nikaenda kusoma habari za hao Wajapani.

Ni kweli wana shida. Karibu watu watatu kati ya kila kumi kule wana miaka 65 au zaidi, na tangu mwaka 2000 wana bima maalumu ya kutunza wazee. Na ni kweli roboti wapo. Mwaka 2015 taasisi yao ya utafiti ya RIKEN ilionyesha roboti mwenye sura ya mtoto wa dubu, anaitwa Robear, uzito kilo 140, anambeba mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Picha yake ilizunguka dunia nzima, nadhani ndiyo aliyoiona huyu mhasibu wetu. Asichojua ni kwamba dubu yule aliishia kwenye maonyesho, hakuingia sokoni. Wapo waliofika kwa wazee kweli, kama Paro, mdoli wa sili mwenye manyoya meupe anayelia na kutikisika ukimpapasa.

Mtafiti mmoja, James Wright, alikwenda kukaa kwenye nyumba ya wazee huko Japani kuangalia hizi mashine zinafanyaje kazi, akaandika kitabu mwaka 2023, Robots Won't Save Japan. Alichokikuta kinachekesha na kusikitisha. Mashine ya kunyanyua wazee wahudumu waliiacha baada ya siku chache, kuikokota chumba hadi chumba kulikula muda kuliko kunyanyua kwa mikono. Roboti Pepper aliletwa awaongoze wazee kwenye mazoezi, lakini ikabidi mhudumu asimame pembeni yake naye afanye yale mazoezi ili wazee wafuate. Na Paro? Bibi mmoja alimpenda mpaka akawa hali wala halali bila yeye, ikawa kazi nyingine kwa wahudumu. Kwa hiyo mashine zililetwa kupunguza kazi, zenyewe zikahitaji kulelewa. Mhasibu nikamtumia, kajibu emoji tu.

Sasa msidhani nataka kusema teknolojia haina maana. Nina mama mdogo yuko Marekani, aliondoka mwaka 2006, enzi za kubeba boksi. Boksi hakubeba, yeye aliangukia kwa wazee na yuko huko mpaka leo, zamu ya usiku. Nilimpigia kumuuliza kama anaogopa kunyang'anywa kazi. Alicheka sana. Akaniambia usiku mmoja ana wazee 12, kuna wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia, wa kubadilisha pampasi, kuna babu anayetaka kwenda "nyumbani" saa tisa usiku wakati nyumba yenyewe iliuzwa. Vitanda vina kengele mtu akitaka kushuka, ile anaisifu, imeokoa nyonga za watu. Kuandika ripoti nako zamani kulimla nusu saa, sasa anaongea tu na programu inaandika.

"Lakini ile nusu saa," akasema, "unadhani nilipewa nipumzike? Niliongezewa mzee mmoja."

Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Yeye roboti hamuogopi. Anaiogopa tableti inayohesabu kaingia chumba gani na kakaa dakika ngapi, maana kukaa na mtu anayelia hakuna kisanduku cha kutiki.

Tena jamani, kama mnataka kujua nani anaweza kukufungia kazi hii mara moja, tazameni Uingereza. Februari 2022 waliwafungulia wahudumu wa wazee viza kutoka nje, watu wakamiminika kutoka Afrika, wengine wameuza mashamba. Machi 2024 wakakatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Julai 22, 2025 wakaacha kabisa kuajiri wapya kutoka nje ya nchi. Miaka mitatu na nusu tu. Haikuhitaji akili mnemba, ilihitaji waziri na kalamu. Ndiyo maana mtu akiniambia "soma kozi ya wazee ukimbilie Ulaya" namwangalia tu.

Na mimi wala sikuanza kuwaza Ulaya. Nilianza kwa bibi yangu, Mlalo, huko Lushoto.

Bibi alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto haufanyi kazi. Anayemlea ni shangazi yangu, mwanamke wa miaka 54 ambaye mgongo wake mwenyewe ni mbovu. Alikuwa na biashara ya mbogamboga, siku za soko hukosi kumwona, ameiacha. Aliletwa binti wa kumsaidia, akakaa miezi mitatu akaondoka. Likizo iliyopita nilikaa nao wiki tano, na humo ndimo nilimoona kwamba hii ni kazi ya kusomea.

Mfano mmoja tu. Bibi alikuwa hanywi maji. Tukimwekea kikombe anasema nimekunywa, tukigeuka anamwaga dirishani. Mwisho mkojo ukawa mweusi, homa, akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Nilimuuliza ChatGPT nikiwa jikoni, mtandao unakatika katika, na sitamnyima haki yake: iliniambia inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, tumuwahishe hospitali, na ndivyo ilivyokuwa. Ikanifundisha pia kumwekea mto katikati ya magoti na kuvinyanyua visigino visigandamizwe. Ushauri wa nguvu, bure kabisa.

Ila kwa nini alikuwa hanywi maji hakuna mashine iliyojua. Shangazi ndiye aliyegundua, siku moja anamkanda mguu. Bibi kamwambia kwa Kisambaa, taratibu, kwamba akinywa maji atataka choo, na akitaka choo inabidi shangazi ambebe, na anamsikia shangazi usiku anavyougulia mgongo. Alikuwa anajinyima maji kwa ajili ya mwanaye. Simu ingemkumbusha kunywa maji mara kumi kwa siku, na mara kumi angejibu nimekunywa.

Suluhisho? Ndoo ya plastiki yenye kiti, fundi wa kijijini katengeneza kwa mbao, ikakaa hatua moja kutoka kitandani. Bibi akaanza kunywa maji. Mimi niliona ule ni utaalamu, sijui nyie mnauitaje.

Kwa hiyo ujuzi wa vitabuni sasa unapatikana kwenye simu, sawa. Anayeamka saa nane usiku kumgeuza bibi bado ni mmoja, tena halipwi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo itakayoendelea kuwa mlezi mkuu wa mzee. Ukisoma "familia" pale, weka jina la shangazi, au la mkwe, au la mjukuu wa kike asiye na kazi. Wenzetu Zanzibar mwaka 2016 walianza kwa kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, ilikuwa ndogo lakini ikawepo. Huku Bara pensheni ya kila mzee hatuna. Kazi hii inadharauliwa kwa sababu wanawake wameifanya bure miaka yote, basi. Ingekuwa rahisi, wajomba zangu wangekuwa wanaifanya.

Juzi baada ya ule ubishi nikaandika kwenye grupu la ukoo. Nikasema watoto wa bibi wako sita wenye kazi, kila mmoja atoe 25,000 kwa mwezi, ni laki na nusu, shangazi alipwe kama mfanyakazi, na apatikane mtu wa kumpokea usiku mara mbili kwa wiki. Mabluu tiki yote yakawaka. Mama mdogo wa Marekani katuma ya miezi miwili papo hapo.

Baba mkubwa kaandika: "Tutaongea Krismasi."