Mcheza Kwao Asiyetunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hunukuliwa mno katika insha za wanafunzi, na aghalabu ukweli wake hautiliwi shaka. Mchezaji wa mpira wa magongo wa mjini Nakuru, hata hivyo, ana kila sababu ya kuutilia shaka. Amecheza kwao tangu kidato cha kwanza, amepigiwa makofi na watu wa kwao, na kutunzwa bado hajatunzwa.

Si kwamba mchezo wenyewe ni mgeni au duni nchini. Mpira wa magongo, au hoki kama wengi wanavyouita, uliletwa na Waingereza na kustawishwa na Wahindi waliokuwa wakiishi Nairobi na katika miji ya reli, Nakuru ikiwamo. Kenya ilishiriki mchezo huo katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne, na mwaka 1964 mjini Tokyo ikamaliza ya sita. Nahodha mashuhuri, Avtar Singh Sohal, alicheza katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Kombe la Dunia la kwanza lilipoandaliwa Barcelona mwaka 1971, Kenya ilitoka ya nne baada ya kushindwa na India mabao 2 kwa 1. Ni timu chache za Kenya, katika mchezo wowote wa mpira, zilizowahi kukikaribia kilele cha dunia kiasi hicho.

Kisha milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Wachezaji wengi wenye asili ya Kiasia walihamia Uingereza na Kanada, wakaondoka na ujuzi ambao ungerithiwa na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakianza kuushika mchezo. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal, pamoja na mataifa mengi ya Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Haki ilikuwa upande wa wasusiaji. Lakini mashindano hayohayo ndiyo ya kwanza ya Olimpiki ambapo magongo yalichezwa juu ya nyasi bandia, na mchezo ukabadilika Kenya ikiwa haipo. Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, safari hii Olimpiki ya Moscow. Pengo la waliosusia likawafaa wengine: wanawake wa Zimbabwe, walioalikwa dakika za mwisho, walirudi nyumbani na dhahabu. Kipaji ni kimoja. Nafasi ni jambo jingine kabisa.

Kenya ilirejea mwaka 1984, ikatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1987, na ikaenda Seoul mwaka 1988. Tangu hapo, hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, timu ya Kenya ya magongo haikuonekana tena Olimpiki.

Ugumu wa kijana wa Nakuru huanzia miguuni pake. Juu ya nyasi za kawaida, mpira hurukaruka, nao mchezaji hujifunza kuutuliza kwanza ndipo afikirie la kufanya. Juu ya nyasi bandia, mpira huteleza kwa kasi. Anayesubiri kuutuliza huwa amekwisha kunyang'anywa. Kona ya adhabu nayo, ambayo huzaa mabao mengi, huhitaji mtu aburure mpira kwa gongo na kuurusha langoni, ufundi unaodai uwanja laini. Kwa miongo kadhaa uwanja mkuu wa aina hiyo ulikuwa City Park, Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi kutoka Nakuru. Kijana wa Bondeni au Kaptembwo aliyekwenda kujaribiwa huko alipimwa kwa mchezo ambao hakuwa ameucheza.

Kando yake wapo wenzake waliobahatika. Samuel Wanjiru, mzaliwa wa Nyahururu, alichukuliwa na shule ya Japani mwaka 2002 akiwa na miaka 15. Mwaka 2008 alishinda marathoni ya Olimpiki Beijing. Mwanariadha ana saa inayomshuhudia: dakika zake husomeka Sendai kama zinavyosomeka Nyahururu. Vijana wa raga ya wachezaji saba wameonekana kwenye runinga za dunia, hasa waliposhinda Singapore mwaka 2016, na baadhi yao wamewahi kutia saini mikataba ya mishahara. Mchezaji wa magongo hana saa wala runinga. Thamani yake huonekana uwanjani tu, na lazima awepo wa kuiona.

Kiswahili humwita mchezaji asiyelipwa mchezaji wa ridhaa. Neno hilo lina adabu, lakini linaficha jambo. Ridhaa ni kukubali, na kukubali huja pale penye uchaguzi. Anayefanya kazi ya duka mchana kutwa, akafanya mazoezi jioni, na kujilipia nauli ya kwenda mechini, hakuchagua kati ya kulipwa na kutolipwa.

Pana watakaosema kwamba magongo humpa kijana nidhamu na marafiki, na pengine ajira. Ni kweli. Timu ya Polisi, kwa mfano, imewapa wachezaji wengi mshahara na pensheni. Ila mshahara huo ni wa askari. Magongo yamekuwa mlango tu wa kuingilia kazi nyingine.

Mwanafunzi wa sarufi atakumbuka kwamba "hutunzwa" ni kitenzi cha kauli ya kutendwa, na mtendaji wake hakutajwa. Methali inaahidi tuzo bila kumtaja mtoaji. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji lina serikali ya kaunti, kampuni, shule na wahisani. Mmoja wao akikubali kuwa mtendaji wa kitenzi hicho, akatandika uwanja mmoja na kulipia nauli za msimu mmoja, methali itaanza kusema kweli. Hadi hapo, mcheza kwao ataendelea kucheza.